Wino wa lebo na pakiti za chakula: mwongozo kamili kwa wasindikaji wadogo wa Uganda

Swali linalorudi mara kwa mara kutoka kwa wenye viwanda vidogo ni hili: "Wino wa chakula unauzwa wapi hapa Kampala?" Mtu ananunua chupa iliyoandikwa hivyo, anaipeleka kwa mchapaji, na bado unga unanuka thina, lebo ya siagi ya karanga inalowa mafuta mpaka maandishi yanatanda, tarehe kwenye chupa ya juisi inafutikia mkononi mwa mteja. Ananunua wino mwingine. Mambo ni yale yale.

Kosa ni kuanzia kwenye wino. Wino usio na tatizo lolote juu ya chupa ya kioo ya asali unaweza kuharibu mfuko mzima wa simsim. Kinachoamua ni kilichopo kati ya wino na chakula, aina ya chakula chenyewe, na kama wino ulikauka sawasawa. Kwa hiyo hapa tunaanza na pakiti, wino utafuata.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Vifungashio vitupu unavyotumia au unavyotaka kutumia, angalau sita vya kila aina, pamoja na kifuniko na gundi ya lebo.
- Bidhaa yenyewe, kiasi cha kujaza vifungashio vitatu.
- Mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko, iliyooshwa na isiyo na harufu.
- Siagi isiyo na chumvi au chokoleti ya kawaida, kipande kidogo.
- Selotepu angavu, kitambaa cheupe cha pamba, karatasi nyeupe, na kitu kizito kama tofali lililofungwa kwa kitambaa.
- Maji, mafuta ya kupikia, siki na spiriti.
- Daftari. Mwongozo huu una mambo mengi ya kuandika.

Usinunue wino bado.

## Hatua ya 1: Fuatilia njia ya wino kwenda kwenye chakula

Wino si rangi tu. Ndani yake mna rangi, utomvu wa kuishikilia, kiyeyushi cha kuufanya utiririke, na viongezwa vya kuulainisha, kuukausha au kuufanya ushike. Rangi yenyewe mara nyingi haiendi mbali kwa sababu chembe zake ni kubwa. Wasafiri ni wale wadogo: mabaki ya kiyeyushi, mafuta, vilainishi, kemikali za kukaushia. Hawaonekani, na wengi wao hawanuki. Njia zao ni nne.

Kupenya. Kemikali inatoka upande uliochapwa, inapita ndani ya plastiki au karatasi, inatokea upande wa chakula. Polithini tunayoiita kaveera huzuia maji vizuri lakini haizuii mafuta ya madini, yaani yatokanayo na petroli ghafi, wala viyeyushi vingi.

Kuambukizana. Hii ndiyo inayowapita wengi. Vikopo vya mtindi vilivyochapwa nje hupachikwa kimoja ndani ya kingine. Nje ya kimoja inagusa ndani ya kingine, wiki nzima stoo. Roli ya plastiki iliyochapwa nayo ni hivyo hivyo, na mrundo wa karatasi za kufungia mkate pia. Novemba 2005 Italia iliondoa sokoni mamilioni ya lita za maziwa ya watoto kwa sababu kemikali ya kukaushia wino wa UV (ule unaokaushwa kwa taa ya mionzi), iitwayo ITX, ilikutwa ndani ya maziwa. Wino ulichapwa nje ya boksi.

Kupitia hewa. Mvuke wa wino unatoka kwenye boksi la nje na kuingia kwenye mfuko wa ndani bila vitu hivyo kugusana. Mwaka 2009 nafaka za kifungua kinywa nchini Ujerumani zilikutwa na kemikali nyingine ya wino wa UV iliyotoka kwenye boksi kwa njia hii.

Joto. Mandazi ya moto ndani ya mfuko uliochapwa, au pakiti inayopashwa kwenye maikrowevu, huongeza kasi ya njia zote tatu zilizotangulia.

Sasa pima ukuta wako. Kioo na bati havipitishi chochote. Karatasi ya alumini isiyo na matundu nayo inazuia vizuri. Plastiki ya PET, ile ya chupa za maji, ni ukuta mzuri kwa joto la kawaida. PP na PE, yaani makopo mengi laini, mifuko na kaveera, ni ukuta dhaifu. Karatasi na katoni si ukuta kabisa. Aina ya plastiki iko chini ya kopo, ndani ya pembetatu ya mishale: 1 ni PET, 2 na 4 ni PE, 5 ni PP.

Halafu tazama chakula. Chenye mafuta ndicho kinachonyonya zaidi: siagi ya karanga, simsim, krispu za gonja, mukene wa kukaanga, samli. Pombe kali nayo ni mnyonyaji. Unga mkavu unaonekana mpole, lakini chembe zake ni nyingi na hushika mvuke na harufu haraka.

Na tazama ukubwa wa pakiti, maana hapa hesabu inashangaza. Chukua kifuko cha gramu 100 chenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 12.5, kimechapwa pande zote mbili. Hilo ni eneo la sentimita za mraba 250. Wino mkavu ukiwa gramu 1 kwa kila mita ya mraba, kifuko kimebeba miligramu 25 za wino. Kama asilimia 1 tu ya wino huo ni kemikali inayoweza kuhama, na yote ikahama, utapata miligramu 2.5 kwa kila kilo ya chakula. Kipimo kinachotumika Ulaya kwa kemikali ambayo haijafanyiwa tathmini ni miligramu 0.01 kwa kilo. Umezidisha mara 250. Mfuko wa kilo 5 wenye wino wa aina hiyo hiyo ungekuwa na hali nafuu sana, kwa kuwa eneo lake ni dogo ukilinganisha na chakula kilichomo. Vifuko vya rejareja ndivyo vya kuogopa zaidi, na ndivyo watoto wanavyonunua.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika mstari kama huu daftarini: "Siagi ya karanga, mafuta mengi, kopo la PP la gramu 250, lebo ya karatasi nje, stoo ya mabati Lira, miezi sita."

## Hatua ya 2: Chagua mahali pa kuchapa

Kanuni ya kwanza haina mjadala: upande unaogusa chakula hauchapwi. Wino wa pakiti, hata ule bora kabisa, umetengenezwa kwa ajili ya upande wa nje. Anayekuambia wino wake wa pakiti unaweza kugusa chakula moja kwa moja, mwombe aandike maneno hayo kwenye karatasi yenye mhuri wake. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Kwa wasindikaji wadogo, chaguo lenye usumbufu mdogo ni kuhamisha maandishi yote kwenye lebo inayobandikwa nje ya kioo, PET au plastiki nene. Gharama ya kila pakiti inapanda kidogo, lakini kosa la mchapaji linabaki nje ya ukuta.

Ukihitaji mfuko uliochapwa, tafuta wa tabaka mbili, wino ukiwa umefungiwa katikati: umechapwa mgongoni mwa tabaka la nje kisha likagandishwa tabaka la ndani. Wino wa namna hiyo haukwaruziki wala hauwezi kuambukiza mfuko wa jirani. Lakini tabaka la ndani likiwa PE nyembamba, kupenya bado kunawezekana, na gundi ya kugandishia nayo ina kemikali zake. Kwa bidhaa ya mafuta mengi omba wenye alumini katikati.

Acha ukingo wa kuziba kwa moto bila wino, angalau sentimita 1. Wino kwenye ukingo huo hufanya mambo mawili mabaya: unaungua na kutoa harufu, na unazuia mfuko usishike vizuri.

Magunia ya posho yanahitaji neno lao. Gunia la kufuma lina matundu kati ya nyuzi, na magunia mengi huchapwa kwa skrini kwa wino mzito ule ule wa kuchapia fulana. Geuza gunia ndani nje, lipanguse mahali palipo nyuma ya maandishi kwa kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo. Kitambaa kikitoka na rangi, unga wako unakaa juu ya wino. Weka mfuko wa ndani, au nunua gunia lenye tabaka la plastiki chini ya maandishi.

## Hatua ya 3: Linganisha mashine na wino

Mchapaji wako wa Nasser Road au Nkrumah Road hawezi kutumia wino wowote kwenye mashine yoyote. Uliza kwanza mashine, ndipo uulize wino.

Ofseti ya kawaida, inayochapa kadi na vipeperushi, hutumia wino wenye mafuta. Mafuta hayo mengi ni ya madini na hukauka polepole. Kwa lebo ya chupa ya kioo haina shida. Kwa katoni inayogusa keki au chapati, hapana. Upo wino wa ofseti uliotengenezwa ili kemikali zake zisihame; mchapaji anayeutumia kweli anajua jina lake kamili na ana hati zake. Usidanganywe na neno "soya". Mafuta ya soya nayo huhama, na wino wa soya unaweza kuwa umechanganywa na mafuta ya madini.

Flekso na gravua ndizo zinazochapa roli za plastiki. Hapa swali ni kiyeyushi. Unaotaka ni wino wenye ethanoli, propanoli au ethili asetati, vitu vinavyoruka vyote mashine ikiwa na kikaushio kizuri. Usioutaka ni wenye tolueni. Uliza pia kuhusu vilainishi vya jamii ya fthalati, ambavyo viliwekwa zamani ili wino usipasuke kwenye plastiki laini, na huenda bado vimo kwenye wino wa bei ya chini.

Wino wa maji unasifiwa kuliko unavyostahili. Ni mzuri kwa karatasi na katoni, harufu yake ni ndogo, lakini neno "maji" linaeleza kiyeyushi tu. Vihifadhi na vishikizi bado vimo.

Wino wa UV hukaushwa na taa papo hapo. Ukikaushwa kikamilifu ni mgumu kama ganda. Taa ikiwa imechoka, au mashine ikikimbizwa kupita kiasi, sehemu ya kemikali inabaki mbichi, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa chakula cha mafuta kwenye PE au karatasi, ningeuacha kabisa isipokuwa mchapaji anaonyesha rekodi za taa zake na hati ya wino usiohama.

Leza hutumia unga wa plastiki unaoyeyushwa juu ya karatasi. Hauna kiyeyushi, kwa hiyo kwa lebo chache za nje ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani. Tatizo lake ni kubanduka lebo ikikunjwa.

Printa ya wino ya mezani inafaa kwa sampuli ya kumwonyesha mteja. Wino wake mwingi wa bei nafuu unatoka na maji. Lebo ya mtindi iliyochapwa hivyo ikitoka kwenye friji inatokwa jasho na kulia rangi.

Lebo za joto, jamii ya karatasi ya risiti, mara nyingi zina bisfenoli A au ndugu yake bisfenoli S kwenye uso wake. Kuanzia Januari 2020 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.02 ya bisfenoli A kwenye karatasi hizo. Zibandike nje ya plastiki nene tu, kwa bidhaa ya siku chache, na usiziweke juu ya chakula cha moto. Zitageuka nyeusi hata hivyo. Mashine ya joto inayotumia utepe wa wino ni bora zaidi. Utepe wa nta ni wa karatasi kavu, na wa resini ni wa plastiki na mahali penye mafuta.

Magazeti na daftari za shule. Hapa ninamlenga muuza rolex na chapati. Wino wa gazeti haukauki kwa maana halisi. Unanywewa na karatasi, na mafuta yake ya madini yanabaki humo. Ndiyo maana vidole huwa vyeusi. Weka juu yake chapati ya moto yenye mafuta na umetimiza masharti yote mabaya ya hatua ya 1 kwa wakati mmoja. India ilipiga marufuku kufungia chakula kwa magazeti katika kanuni zake zilizoanza kutumika Julai 2019. Karatasi nyeupe isiyochapwa, basi.

## Hatua ya 4: Dai karatasi, si ahadi

Usiulize "wino wako ni salama?" Jibu litakuwa ndiyo. Tuma ujumbe kama huu, uuhifadhi pamoja na majibu yake:

"Habari ya kazi, mzee. Nataka kuchapa mfuko wa PE wa karanga za kukaanga, gramu 100, uchapwe nje tu. Naomba jina kamili la wino na kampuni inayoutengeneza, hati yake ya usalama, hati ya kiufundi, na tamko la mtengenezaji kwamba unafaa kwa upande usiogusa chakula. Naomba pia kujua mnasafisha rola kwa dawa gani."

Swali la mwisho ndilo linalofichua mengi. Baadhi ya karakana husafisha rola kwa petroli au mafuta ya taa, na kuzimulia wino kwa thina yoyote iliyopo. Petroli ina benzini, kemikali yenye sumu. Wino uliofika na hati nzuri unakuwa kitu kingine siku kopo la thina linapofunguliwa, na hakuna hati inayosema hivyo. Ukienda karakana, nusa. Tazama makopo chini ya meza. Ona kama makopo ya wino yana lebo za mtengenezaji au ni ya kumimina tena yaliyoandikwa kwa kalamu.

Hati zikija, tafuta mambo machache. Hati ya usalama, wauzaji huiita SDS, inaorodhesha kemikali hatari. Angalia kama kuna tolueni, fthalati, benzofenoni (ya kukaushia wino wa UV) au mafuta ya madini. Tafuta pia tamko kuhusu madini ya risasi, kadimiamu, zebaki na kromiamu yenye sumu. Kikomo cha Ulaya kwa jumla ya madini hayo manne kwenye kifungashio ni miligramu 100 kwa kilo. Njano kali na rangi ya machungwa za bei ya chini ndizo za kutilia shaka, kwa sababu kromati ya risasi ilikuwa rangi ya njano ya kazi nyingi.

Tamko zuri hutaja wino kwa jina na namba, hutaja upande wa pakiti, na hutaja sheria inayofuatwa. Uswisi ina orodha ya kemikali zinazoruhusiwa kwenye wino wa vifungashio tangu 2010, na watengenezaji wengi wa kimataifa huirejelea. Tamko linalosema tu "haina sumu" ni la penseli za watoto.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi tatu za wino mmoja zenye jina linalofanana na lililo kwenye kopo.

## Hatua ya 5: Chapisha sampuli, uiache ikauke

Omba vipande hamsini hivi kwenye kifungashio chenyewe. Sampuli iliyochapwa kwenye karatasi nyingine haikuambii lolote.

Wino wa ofseti unahitaji siku nzima au zaidi kukauka. Usikubali lebo zikatwe na kufungwa kwenye nailoni jioni ile ile; harufu itafungiwa humo. Roli ya plastiki iliyochapwa kwa kiyeyushi isijazwe chakula ikiwa bado inanuka unapoifungua. Zitandaze sampuli mahali penye hewa, mbali na jiko na viungo, maana karatasi hunyonya harufu ya bizari kama inavyonyonya ya wino.

## Hatua ya 6: Majaribio ya mezani

Majaribio haya hayachukui nafasi ya maabara. Yanakamata makosa makubwa, na makosa mengi ninayoona ni makubwa.

Selotepu. Ibandike juu ya maandishi, ikandamize kwa ukucha, subiri nusu dakika, ivute kwa ghafla. Tepu ikitoka safi, umefaulu. Ikitoka na herufi, wino haujashika. Mara nyingi plastiki ya PE au PP haikuandaliwa kwa umeme kabla ya kuchapwa, au wino si wa plastiki hiyo.

Kusugua. Lowesha kitambaa cheupe kwa kitu kinachofanana na bidhaa yako: mafuta kwa karanga, siki kwa sosi ya pilipili, maji kwa juisi, spiriti kwa pombe. Sugua mara ishirini. Kitambaa kibaki cheupe. Kwa bidhaa za friji, laza pakiti ndani usiku mmoja, itoe, iache itoke jasho, ndipo usugue.

Kuambukizana. Laza upande uliochapwa juu ya upande wa ndani wa kifungashio kingine, weka tofali juu, acha siku mbili mahali penye joto. Kisha chukua ule upande wa ndani, uinamishe kwenye mwanga wa dirisha, halafu upanguse kwa kitambaa cheupe chenye mafuta. Kivuli cha herufi, hata hafifu, ni kufeli. Kumbuka tu kwamba kinachohama zaidi hakina rangi. Kufaulu hapa ni nusu ya habari.

Harufu. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote. Kata sampuli zilizochapwa, ziweke kwenye mtungi wa kioo. Kwenye mtungi wa pili weka kifungashio kile kile kisichochapwa. Ndani ya kila mtungi weka kisahani chenye kipande cha siagi au chokoleti, kisiguse sampuli. Funga, weka kabatini gizani siku mbili. Kisha waite watu watatu wasiojua mtungi upi ni upi, wasiovuta sigara, wala ambao hawajatoka kula kitunguu. Wanuse kwanza. Mtungi ukinuka thina au rangi, umefeli na hakuna haja ya kuonja. Kama hakuna harufu, waonje kidogo. Watatu wakishindwa kuitambua siagi ya mtungi uliochapwa, umepita.

Jua. Weka lebo moja dirishani na nyingine kwenye droo. Nyekundu na njano ndizo hufifia mapema. Si suala la sumu, lakini duka la kandokando ya barabara halina kivuli.

## Hatua ya 7: Tarehe na namba ya toleo

Lebo inachapwa kwa uangalifu, halafu tarehe inagongwa na muhuri wa ofisini. Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia.

Kiwango cha lebo za vyakula vilivyofungashwa kinachotumiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, yaani US EAS 38, kinataka pamoja na mengine jina la chakula, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha 1985 kinataka maelezo hayo yasomeke wazi na yasifutike. Tarehe inayofutika kwa kidole ni lebo isiyokamilika, hata kama wino wake hauna sumu.

Wino wa muhuri wa ofisini hukauka kwa kunywewa na karatasi. Juu ya plastiki hauna pa kwenda. Kalamu ya maka isiyofutika inashika, na nje ya chupa nene inavumilika ukiwa na chupa chache, lakini baadhi zina zailini na viyeyushi vikali. Usiitumie kwenye kaveera nyembamba.

Mashine ya mkononi ya kuchapa tarehe inatosha viwanda vingi vidogo. Hakikisha katriji ni ya plastiki, ile inayokauka kwa sekunde, kwa sababu katriji ya maji ni ya katoni tu. Mashine kubwa za kurusha wino kwenye mkanda hutumia zaidi kiyeyushi kiitwacho MEK. Kinaruka haraka, hivyo gonga tarehe baada ya chupa kufungwa kifuniko, kamwe si kabla, na chumba kiwe na madirisha.

Mahali pa tarehe: begani mwa chupa au kwenye nafasi nyeupe ya lebo. Usiigonge juu ya ukingo uliozibwa kwa moto. Na mstari wa pembeni kuhusu baakodi: usiichape kwa mistari myekundu juu ya nyeupe. Skana nyingi za supamaketi hutumia mwanga mwekundu, kwake mistari hiyo haipo.

## Hatua ya 8: Maabara, ukihitaji

Bidhaa ya kioo yenye lebo nje haihitaji kipimo cha kuhama kwa kemikali za wino. Chakula cha mafuta kwenye plastiki nyembamba, chakula cha watoto, na chochote cha kuuzwa Ulaya vinahitaji.

Maabara hubadilisha chakula kwa kimiminika kinachofanana nacho: siki dhaifu kwa chenye tindikali, ethanoli kwa pombe, mafuta ya mimea kwa chenye mafuta. Kikomo cha jumla cha Ulaya kwa plastiki ni miligramu 10 kwa desimita moja ya mraba. Anza na UNBS Bweyogerere au maabara ya serikali ya Wandegeya, na uulize kabla ya kulipa kama kipimo hicho kinafanyika pale au sampuli itasafirishwa. Peleka kifungashio kilichochapwa tayari, cha uzalishaji wa kweli, pamoja na mstari ulioandika hatua ya 1.

## Chakula chenyewe kikichapwa

Picha juu ya keki, maandishi juu ya biskuti: hapo sasa ndipo wino wa kuliwa unapohusika, na ni kitu tofauti kabisa na wino wa pakiti. Umetengenezwa kwa maji, gliserini na rangi za chakula zenye namba, kwa mfano E102 ya njano, E129 nyekundu, E133 ya buluu. Orodha hiyo iwe kwenye chupa.

Printa yake iwe mpya na ifanye kazi hiyo peke yake. Printa iliyowahi kutumia wino wa kawaida haisafishiki. Mabaki hukaa kwenye kichwa na sponji ya ndani. Chapa kwenye karatasi ya wanga au ya sukari inayoliwa, si karatasi ya kawaida unayoilaza juu ya krimu.

Kwa mayai, tia alama kwenye trei, si kwenye yai. Ganda lina vinyweleo. Ukilazimika kuandika juu ya ganda, tumia rangi ya chakula. Muhuri wa rangi unaouona kwenye nyama buchani ni wa mkaguzi, si wa kujigongea.

## Kabla ya kuagiza nyingi

Weka kwenye bahasha moja: sampuli mbili zilizopita majaribio, hati tatu za wino, ujumbe wa mchapaji, tarehe na jina la mashine. Toleo jipya likifika, chomoa sampuli ya zamani na uilinganishe rangi na harufu.

Rudia hatua ya 5 na ya 6 kila mchapaji anapobadili wino, unapobadili mfuko hata kwa unene tu, unapohamia gundi nyingine, au unapoanza kuuza bidhaa ile ile kwenye kifuko kidogo zaidi. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na hesabu ya hatua ya 1 inaonyesha kwa nini lisisahaulike.